Ndege ya Alhamisi

JUMATANO, SAA 4:20 ASUBUHI. KASULU.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri, kati ya stoo ya matairi na choo. Dirisha moja, limezibwa kwa boksi. Harufu ya grisi na mpira mpya. Watu wanne, meza moja, kipande cha chaki.

Nurudini, mwenye duka, alichora mstari mrefu juu ya mbao.

"Njia ya ndege ya Rukamba. Kilomita moja na mita mia nane. Geti hapa, magharibi. Kibanda cha mlinzi hapa, mashariki kabisa. Kesho saa tisa na nusu alasiri ndege ndogo inatua kutoka Mwanza. Inageukia mwisho huu wa mashariki, haizimi injini. Gari la Abbasi, mnunuzi wa dhahabu, linaisubiri pembeni, kisha linasogea mpaka chini ya bawa. Mzigo unapanda. Dakika nne, ndege inaruka na dhahabu ya wiki nzima ya wachimbaji wa huko juu. Sisi tunazitaka hizo dakika nne."

"Na njagu?" Winnie akauliza. Huyo ndiye dereva. Alikuwa akiendesha malori ya mahindi kwenda Kahama kabla hajakutana na Nurudini, na mpaka leo alikaa kwenye kiti kama mtu mwenye usukani mbele yake.

"Polisi wawili wanaomsindikiza. Wanaishia getini. Ujenzi unaendelea, mkandarasi anaruhusu gari moja tu juu ya lami. Wale wanakaa kwenye kivuli cha jengo jipya, wanakunywa soda."

"Mafundi?"

"Siku ya ndege huondolewa njiani mpaka iruke. Hakuna mtu."

"Yupo Venanti," Tharsisi alisema.

Wote walimtazama. Alikuwa mkubwa wao kwa umri, mwaka wa hamsini na nne, na hakuwa amesema neno tangu aingie.

"Yupo Venanti," Nurudini alikubali, akatabasamu. "Mlinzi wa kufukuza ng'ombe. Atafungwa kamba, basi. Hakuna wa kuumia, mzee wangu. Si nilikuahidi?"

Alikuwa amemwahidi. Kwa Tharsisi, ahadi hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu Nurudini ndiye mtu wa kwanza katika miaka mingi kumsikiliza.

Baba yake Tharsisi, marehemu Ildefonsi, alikuwa katika kundi la watu waliong'oa visiki Rukamba wamisionari walipotaka mahali pa kutua ndege yao ya dawa. Mita mia sita, nyasi tupu. Baadaye watu walipomiminika kutoka Burundi na kambi zikajaa, kiwanja kikarefushwa kwa haraka. Tharsisi alikuwa kijana. Alibeba udongo wa moramu kwa karai kichwani tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na ndege za mablanketi na biskuti zikawa zinatua tatu kwa siku juu ya jasho lake. Kisha akafanywa mlinzi. Kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, ndege zikaadimika, mbuzi wakalala njiani. Yeye aliendelea kufyeka nyasi na kushona soksi ya upepo ilipochanika. Miaka kumi na tisa, yeye na Venanti.

Halafu ikaja lami. Uzio. Jengo la abiria lenye vioo. Kampuni ya ulinzi ikaja na sare zake, ikamchukua Venanti kwa sababu ana cheti cha kidato cha nne. Tharsisi alipewa mkono na asante. Siku ya kuzindua lami alivaa koti la kanisani akaenda kutazama. Getini kijana mwenye redio ya mkononi akamwambia, "Mzee, pisha magari."

Nurudini alimkuta akifyatua matofali. Mara ya kwanza alikuja kutafuta matofali. Mara ya pili alikuja na kilo mbili za sukari. Mara ya tatu alikaa saa tatu nzima akiuliza habari za kiwanja: wapi palikuwa na visiki, wapi kilirefushwa, maji hupita wapi. Hata watoto wake wa kuwazaa hawakuwahi kumuuliza hayo. Tharsisi alimweleza yote, na moyo wake ukawa mweupe. Mwenzake alikuwa akichora ramani.

Kufikia siku alipoambiwa ni mchongo gani, ilikuwa vigumu kusema hapana. Na ukweli ni kwamba hakutaka kusema hapana. Alitaka siku moja Rukamba wamkumbuke.

"Hapa." Nurudini alikata mstari kwa chaki. "Kalavati la mzee. Linapita chini ya njia, kutoka kusini kwenda kaskazini. Pikipiki inapita, mtu akiinamisha kichwa. Winnie anasubiri na pikapu upande wa kaskazini, kwenye miti. Njagu watakuwa juu ya lami. Mitaro ni mirefu huku na huku, gari lao halivuki. Watatazama vumbi letu."

"Una hakika liko wazi?" Aliyeuliza ni Ndayikunda. Mrefu, mpole wa sauti, mwenye miaka thelathini. Wazazi wake walikuja wakimbizi, sasa wote raia. Miguuni kwake kulikuwa na begi refu la turubai, na kila mtu mle chumbani alijua kilichomo.

"Nimelijenga kwa mikono hii," Tharsisi alisema.

Hakuulizwa tena. Hakusema kwamba ana miaka miwili hajakanyaga ndani ya uzio.

Winnie alifuta chaki kwa kiganja. "Neno moja. Mimi nasubiri kimya kimya. Nikisikia risasi, sikai."

"Hakutakuwa na risasi," Nurudini alisema.

ALHAMISI, SAA 6:15 MCHANA. BARABARA YA KIBONDO.

Winnie aliendesha taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Nurudini kando yake. Tharsisi na Ndayikunda kiti cha nyuma, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa vya wapimaji. Nyuma kabisa, chini ya turubai, pikipiki na mashine ya kupimia ya miguu mitatu. Walipita Makere. Penye njia ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akina mama walikuwa wamepanga sabuni na mafuta ya mgao kandokando, wakiita wateja kwa Kiswahili cha Kongo. Hakuna aliyewatazama mara mbili. Wapimaji kwenye barabara hii ni wengi kama nzi.

Nurudini alikuwa kwenye simu na ndugu zake wa Tanga. Alicheka. Alisema Ijumaa atakuwa huko.

Tharsisi alilisikia hilo. Mpango wao ulisema wote warudi Kasulu, wakae mwezi mzima bila kuhama, kila mtu kwenye kazi yake.

Ndayikunda alitazama nje ya dirisha. Kisha akaanza kusema, polepole, kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za shamba.

"Data, baba yangu, usigeuze uso. Cheka kidogo."

Tharsisi alicheka kidogo. Kiha chake na Kirundi cha yule kijana ni ndugu wa tumbo moja. Nurudini ameishi Kasulu miaka kumi na miwili, na bado Kiha kwake kilikuwa kelele za sokoni.

"Nimepewa kazi," Ndayikunda aliendelea. "Ndege ikigusa lami, injini itapiga kelele. Hapo ndipo nimmalize mlinzi. Anakujua sauti, anakujua mwendo. Atakutaja."

"Aliahidi," Tharsisi alisema.

"Aliahidi. Kisha akaniambia nikishammaliza mlinzi, nikumalize na wewe."

Pikapu ilipita juu ya tuta. Nurudini aligeuka nyuma. "Mnaongea nini hapo? Mnanisengenya?"

"Mvua, bosi," Ndayikunda alisema kwa Kiswahili. "Mzee anasema maharage yataoza mwaka huu."

Nurudini akarudi kwenye simu yake.

"Kwa nini unaniambia?" Tharsisi aliuliza, akiwa ameangalia miguu yake.

"Mama alinizaa kambini, mwaka ule wa mwanzo. Hakuwa na maziwa. Alikuwa akitafuna biskuti za ndege anazilainisha kwa maji ananilisha. Jana umesema kalavati la kiwanja kile ulilijenga wewe. Sijui, data. Shuka njiani. Darajani sema umebanwa na haja, ingia porini, usirudi. Nitasema sikukuona."

"Na Venanti?"

Ndayikunda alirudisha macho dirishani.

Darajani, pale Malagarasi inapopita chini ya barabara ikiwa nzito na ya udongo, Winnie alipunguza mwendo kupisha lori. Mlango wa Tharsisi haukuwa umefungwa kwa ndani. Aliweka mkono juu ya kitasa. Aliona njia ya miguu ikishuka mtoni. Akamfikiria Venanti amekaa peke yake kibandani, mgongo ameuelekeza kwenye mtaro.

Aliondoa mkono.

SAA 8:50 MCHANA. RUKAMBA.

Winnie aliwashusha upande wa kusini mashariki, mahali ambapo nguzo za uzio zilikuwa zimesimama bila waya, kisha akazunguka kwenda kaskazini. Pikipiki iliteremshwa mpaka mdomo wa kalavati, ikalazwa kwenye majani.

Tharsisi aliinua macho, na kwa muda akasahau kilichomleta. Njia ilikuwa nyeusi, pana, imenyooka mpaka macho yakachoka. Namba nyeupe kubwa zimechorwa mwisho. Pale alipojua kuna kichuguu, hapakuwa na kichuguu. Pale walipokuwa wakipumzika chini ya mti wa mninga, palikuwa na shimo la saruji la kukusanya maji. Alitafuta maungio ya vipande vitatu vya kiwanja, cha baba yake, cha kwake, na hiki kipya. Hakuyaona. Lami ilikuwa imeyameza yote.

Nurudini alisimamisha mashine ya kupimia kando ya njia. Bastola ilikuwa kiunoni, chini ya kizibao.

"Bwana Nurudini," Tharsisi alisema. Alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Niache nitangulie kwa Venanti. Akiona wageni atapiga simu getini. Akiniona mimi atanikaribisha."

Nurudini alimpima kwa macho. "Vizuri. Umnyang'anye simu." Akamgeukia Ndayikunda. "Mfuate kupitia mtaroni. Usionekane. Kazi yako unaijua."

"Naijua."

SAA 9:05 ALASIRI.

Venanti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa kibanda, akisikiliza redio. Alipomwona Tharsisi alisimama, uso ukafunguka wote.

"Kaka Tharsisi! Umeingiaje?"

"Uzio haujaisha kule."

"Wakikuona nimekwisha. Lakini karibu, karibu! Na hicho kizibao? Wamekupa kazi?" Hakungoja jibu. Alimshika mkono, akamwonyesha namba nyeupe, akamwonyesha taa ambazo zingefungwa mwezi ujao. Aliongea haraka kama mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kuzungumza naye. "Siku hizi hata ng'ombe si taabu. Walikuwa wanapita kwenye kalavati lako, unakumbuka? Tangu mwezi wa tatu wameweka nondo upande wa kaskazini. Nene hivi. Hata mbwa hapiti."

Tharsisi alitazama upande wa kalavati.

Aliligeuza neno hilo kichwani. Nondo, kaskazini, tangu mwezi wa tatu. Kumbe amewaleta watu kwenye shimo lisilo na mlango wa pili, na ramani yao yote ilikuwa kumbukumbu zake.

"Venanti. Nisikilize, na usigeuke. Yule mpimaji kule si mpimaji."

Venanti alitaka kugeuka. Tharsisi akamshika bega, akabonyeza.

"Wanataka mzigo wa Abbasi. Nimekuja nao. Mtaroni nyuma yako kuna mtu mwenye bunduki, imekuelekea wewe."

Uso wa Venanti ulizima kama taa. "Umekuja nao?"

"Nimekuja nao."

"Wewe?"

"Utanitukana baadaye. Sasa hivi ukitoa simu, unakufa. Kelele za ndege ikitua ndizo wanazozisubiri. Ndege isipotua, hakuna kelele. Bado una zile turubai nyeupe?"

Venanti alimtazama. Hakuwa mjinga, na kazi hiyo walifundishwa siku moja, na rubani mmoja. Turubai mbili nyeupe, ndefu, zilizolazwa msalaba juu ya njia: kiwanja kimefungwa. Rubani akiuona, hatui. Anatafuta kwingine.

"Nitafukuzwa," Venanti alinong'ona.

"Utafukuzwa ukiwa hai."

SAA 9:21 ALASIRI.

Walizikunjua turubai wakiwa wameinama, jua likiwachoma migongo. Mawe manne kila moja. Mikono ya Venanti ilikuwa ikiangusha mawe. Tharsisi alimwokotea.

Mita mia mbili mbele yao, Nurudini alinyanyua mkono: vipi?

Tharsisi akainua wake: sawa. Mambo ya kupokea ndege hayo.

Katika simulizi zote alizompa yule bwana, saa zote zile za matofali na chai, habari ya msalaba haikuwahi kuingia. Nurudini hakuiuliza. Yeye aliuliza njia za kutokea tu.

Aliangalia mtaroni. Kati ya majani aliona jicho la Ndayikunda, na chini yake tundu jeusi la mtutu. Ndayikunda alizitazama turubai. Alimtazama Tharsisi. Mtutu haukusogea juu wala chini.

SAA 9:34 ALASIRI.

Ndege ilisikika kwanza, upande wa ziwa la mbali la Victoria, kisha ikaonekana, nyeupe, ndogo, ikiyumba kwa upepo wa milimani. Getini gari la Abbasi lilianza kutembea. Lilikuja pole pembeni mwa lami, likasimama mahali pake pa siku zote.

Ndege ilishuka. Ilishuka zaidi. Tharsisi aliweza kuona magurudumu. Venanti alikuwa akisali kwa sauti ya puani.

Kisha injini ikanguruma, pua ikainuka, na ndege ikapita juu ya vichwa vyao bila kugusa chini. Ilitikisa mabawa mara mbili. Ikageuka kusini, kuelekea Kigoma. Sauti yake ikawa ndogo, ikawa kama ya nyuki, ikaisha.

Kimya kikatanda Rukamba nzima.

Abbasi, mzee mwenye kanzu na koti, alishuka garini akatazama mbinguni. Nurudini naye alikuwa akitazama mbinguni. Aliteremsha macho kwenye turubai. Akayapeleka kwa Tharsisi. Hata kwa umbali ule, Tharsisi aliona alivyoelewa.

Nurudini hakupiga kelele. Alitoa bastola, akatembea haraka mpaka kwenye gari.

"Chini! Uso chini! Wote wawili!"

Dereva alijilaza. Abbasi alichelewa, magoti ya uzee, akasukumwa akaanguka kifudifudi. Nurudini alitoa kasha la chuma kiti cha nyuma, akalitia kwenye begi la mgongoni, akakimbia kuja upande wa kibanda, ambako pikipiki ilikuwa imelala. Alikuwa akihema. Jasho lilikuwa limemchora michirizi usoni.

"Mzee mshenzi," alisema. "Nilikaa nyumbani kwako. Nilikula ugali wako."

Akafyatua.

Tharsisi alihisi upepo wa risasi kwenye sikio. Nyuma yake Venanti aliguna, akakaa chini ghafla, akashika paja lake kwa mikono miwili, na kati ya vidole damu ikatoka nyingi, nyekundu, ya haraka.

"Ndayikunda!" Nurudini aliita. "Wamalize hawa! Nifuate!"

Kutoka getini king'ora kililia. Kaskazini, nyuma ya miti, injini ya pikapu iliwaka, ikapandishwa moto, ikaondoka. Winnie hakuwa amesema uongo.

Nurudini aliisikia. Akasita, nusu ya pumzi. Kisha akarukia pikipiki, akaipiga teke, akaielekeza kwenye mdomo wa kalavati.

Palikuwa na nafasi ya neno moja. Imefungwa. Neno dogo, na Nurudini angegeuza pikipiki, angetokea kwenye pengo la uzio, labda angepona. Tharsisi alifungua mdomo.

Akaufunga.

Pikipiki ikaingia gizani chini ya njia.

SAA 9:39 ALASIRI.

Ndayikunda alitoka mtaroni na SMG mkononi. Alisimama juu yao. Venanti alimwona, akafumba macho.

Chini ya lami mlio wa pikipiki ulipungua, ukazima. Kitu cha chuma kiligongwa. Kikagongwa tena. Kisha sauti ikapanda kutoka ndani ya kalavati, ikijirudia kwenye saruji kana kwamba ni watu kumi:

"Tharsisi! Tharsisi!"

Ndayikunda aliitupa bunduki kwenye majani. Alivua kizibao chake, akapiga magoti, akakizungusha juu ya jeraha la Venanti, akakaza kwa nguvu zake zote mpaka Venanti akapiga yowe. Alikuwa analia bila sauti.

"Shika hapa, data. Usiachie."

Tharsisi akashika. Gari la polisi lilikuwa nusu ya njia, likija na vumbi la lami mpya. Abbasi na dereva wake bado walikuwa wamelala, nyuso chini.

"Genda," Tharsisi alimwambia. "Nenda. Mtaro mpaka kwenye nguzo."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshika mguu. Genda!"

Kijana aliinama, akaingia mtaroni, akakimbia. Majani yalitikisika mpaka kwenye pengo la uzio. Kisha yakatulia.

SAA 10:10 ALASIRI.

Nurudini alikataa kutoka kwa hiari. Koplo mmoja mwanamke, Asmahani, mmoja wa wale wawili wa getini, alimwita mara tatu kwa kipaza sauti. Moshi wa pikipiki ulikuwa umejaa kalavatini na alikuwa anakohoa vibaya. Mara ya tatu alitoka akikimbia, begi mgongoni, bastola mbele, akifyatua hovyo kama kipofu. Koplo na mwenzake walijibu. Alianguka mdomoni mwa kalavati, miguu ndani, kichwa nje juani.

Tharsisi alitazama yote kutoka pale alipokaa, mikono yake ikiwa imekaza kizibao. Hakuhisi ushindi. Alikumbuka yule mtu akiwa amekaa kwenye tofali bichi, kikombe cha chai mkononi, akisema, "Endelea, mzee, kisha ikawaje?" Aliyekuwa akiuliza hivyo sasa amelala pale na nzi mdomoni, na Tharsisi ndiye aliyenyamaza.

Gari la wagonjwa lilikuwa njiani kutoka Kibondo. Koplo Asmahani alikuja kibandani. Buti lake liligusa kitu kwenye majani. Akainama, akainyanyua SMG kwa kitambaa.

"Hii ya nani?"

Venanti alikuwa amelala kichwa kwenye paja la Tharsisi, rangi imemtoka, lakini macho yako wazi.

"Yangu," Tharsisi alisema.

"Mlikuja wangapi?"

"Yule bwana pale. Mwanamke mwenye gari, naye ameondoka. Na mimi."

"Dereva wa Abbasi anasema alimwona mpimaji mmoja kwenye mashine. Hapa kibandani hakuona mtu, alikuwa amelazwa chini. Bunduki ya vita, mzee. Unajua maana yake? Utazeekea ndani. Utafia ndani." Alichuchumaa, akamtazama usoni. "Nani mwingine alikuwa hapa?"

"Hakuna mwingine."

Koplo alimgeukia Venanti. Sauti yake ikalainika. "Wewe ndiwe uliyepigwa. Wewe huna sababu ya kumficha mtu. Huyu unamfahamu?"

"Tulifanya kazi pamoja hapa," Venanti alisema. "Miaka kumi na tisa."

"Bunduki hii ni yake?"

Upepo ulipita juu ya njia, ukainua pembe ya turubai nyeupe, ukaiachia. Venanti alimtazama Tharsisi kutoka chini, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alikuwa ameona ni nani aliyemfunga jeraha. Alikuwa amesikia nani ameambiwa aende. Tharsisi hakupepesa macho. Aliinamisha kichwa mara moja, kidogo sana, kama walivyozoea kuonyeshana kwa mbali kwamba ndege imeonekana.

Machozi yalimtoka Venanti, yakateremka kuelekea masikioni.

"Ndiyo, afande," alisema. "Nilimwona nayo."

Koplo aliandika. Kisha akasimama, akatoa pingu mkandani. Akasubiri mpaka mhudumu wa gari la wagonjwa akaja kuushika mguu wa Venanti kwa zamu yake, ndipo Tharsisi akanyoosha mikono.